Jiwe la Kusagia Ndani ya Ndege

Mwanangu, wewe unayenisikiliza sasa, vuta kiti ukae. Usiegemee mlango kama mtu anayengoja gari. Jambo ninalotaka kukueleza lina sehemu nyingi ndogo, na nitazipitia moja moja bila haraka. Mimi ni nesi wa zamani, na nesi aliyefunzwa vizuri haruki hatua.

Nakumbuka siku moja, miaka ya hamsini ikiwa ndiyo kwanza imeanza, na mimi msichana ambaye kofia ya unesi bado ilimkaa upande. Ndege ndogo ilijaribu kupaa kutoka kwenye malisho ya kijijini kwetu, nje kidogo ya Bungoma, ikashindwa. Mimi nilikuwa ndani yake. Najua wengi husimulia ajali ili wasikilizaji washike vifua. Mimi ninakusimulia hii kwa sababu najivunia watu wetu, na mwishoni utaniambia kama nina haki au sina.

Nianze na mgonjwa, maana bila yeye ndege isingekuja. Aliitwa Nasimiyu, mke wa kijana mmoja jina lake Khisa. Alikuja kwenye zahanati yetu akiwa amejikunja, mkono umebana tumbo upande wa kulia. Mganga wa zahanati alimpapasa akasema ni kidole tumbo, na kwamba lazima apasuliwe Kitale haraka kabla hakijapasuka chenyewe ndani. Sasa, mvua za wiki ile zilikuwa zimebomoa daraja la mto Kuywa. Lori halikuweza kuvuka. Mganga akapiga simu kutoka stesheni ya reli, akamwomba mzungu mmoja, mkulima wa ngano wa Kitale aliyekuwa na ndege yake mwenyewe, aje amchukue mgonjwa.

Mzungu huyo watu wetu walimwita Bwana Panzi, kwa jinsi ndege yake ilivyorukaruka kila ilipotua. Hakukasirika kwa jina hilo. Nafikiri alilipenda. Alikuwa ametusaidia kabla ya hapo, akileta dawa na kurudi peke yake, na kwa ajili yake zahanati ilikuwa imetenga sehemu ya malisho iwe kiwanja. Mtunza kiwanja alikuwa huyo huyo Khisa. Kazi yake ilikuwa kufyeka nyasi, kufukuza ng'ombe, na kusawazisha vichuguu vya fuko, ambavyo huchomoza usiku mmoja pale ambapo jana hapakuwa na kitu. Alikuwa kijana makini. Siku ile, kwa sababu ya mvua, nyasi zilikuwa zimemshinda kasi kidogo, na yeye mwenyewe alikuwa amekesha na mke wake.

Ndege ilitua jua likiwa linakaribia utosini. Wingu lilikuwa limejikusanya kule upande wa Kapsokwony, lakini kwetu palikuwa na joto zito, lile la baada ya mvua. Tulimlaza Nasimiyu ndani, juu ya godoro jembamba lililotandikwa pale ambapo kiti kimoja kilikuwa kimeng'olewa. Mimi nikaketi karibu na kichwa chake. Bwana Panzi angekaa mbele. Nyuma yetu palibaki nafasi ya kama kabati dogo.

Nafasi hiyo, mwanangu, ndiyo iliyotuponza.

Unajua kwetu mgonjwa hapelekwi mbali mikono mitupu. Hata leo ukienda hospitali utaona watu na vyombo vyao. Mama mkwe wa Nasimiyu, ambaye kijiji kizima tulimwita Kukhu, yaani nyanya, alikuwa mwanamke wa kanisa, mrefu, mwenye sauti ambayo haikuhitaji kupandishwa. Alikuja na mkungu wa ndizi. Nyuma yake shemeji akaja na unga. Nyuma yake jirani na kuku wawili waliofungwa miguu. Chungu kikaja. Debe la mahindi likaja. Mzee Wanjala, aliyekuwa jirani yao wa karibu, akaja na mzigo wa kuni begani.

"Mzee, kuni za nini?" nikamuuliza.

"Kitale ni baridi, bana. Hao wazungu watawasha nini, ngano?"

Watu wakacheka. Hata Nasimiyu alijaribu kutabasamu.

"Kukhu, imetosha," nikasema. "Ndege ni ndogo. Na huyu hata maji hayataki."

"Leo hayataki. Kesho atataka. Utampa nini, hewa ya Kitale?" Akanitazama kwa upole ule wa kumfunga mtu mdomo. "Wewe mayi, msichana wangu, umeanza juzi kuvaa kofia. Kaa na mgonjwa wako."

Nikakaa na mgonjwa wangu. Hapo Bwana Panzi akatokea mlangoni akaona kabati lake limejaa. Akaanza kutoa vitu. "Hapana! Hapana kitu ingine! Ndege hapana lori!" Alitoa unga, akatoa kuni, akatoa kuku. Akaacha mkungu wa ndizi tu, akapangusa jasho, akazunguka kwenda mbele ambako Khisa alikuwa anangoja kulizungusha pangaboi kwa mkono ili injini iwake.

Sasa sikiliza hili vizuri, kwa maana bila kulielewa utadhani watu wetu walikuwa wakaidi, na hawakuwa. Kwetu mtu mwenye adabu akipewa kitu hukataa kwanza. Anasema, "Aka, msijisumbue." Ukikubali kukataa kwake ukarudi na kitu chako nyumbani, umemwaibisha, maana umeonyesha ulikuwa unatoa kwa mdomo tu. Unapaswa kusisitiza. Ukimwona ana haya, unamwekea bila yeye kuona, na atakushukuru baadaye. Basi Bwana Panzi alipotoa vile vitu kwa sauti kubwa, watu walitazamana wakatikisa vichwa kwa kumheshimu.

"Huyu mzungu amelelewa," Kukhu alisema.

Na akiwa mbele anamwelekeza Khisa, wao walivirudisha vyote kupitia mlango wa upande wa pili. Unga. Kuku. Chungu. Kuni za Mzee Wanjala. Na mwisho kabisa Kukhu akaleta kitu alichokuwa amekificha chini ya leso: jiwe la kusagia wimbi, ule ulezi wa uji, na mtoto wake, yaani jiwe dogo la mkononi. Alilisukuma chini kabisa, akalifunika kwa gunia. Aliniinamia akanong'ona, "Uji wa unga wa dukani haumfai."

Injini ikawaka. Hapakuwa tena na nafasi ya kusema neno.

Tulianza kukimbia juu ya nyasi. Nilikuwa sijawahi kupanda ndege, kwa hiyo sikujua mwendo ule ulikuwa wa kawaida au la. Nilisikia magurudumu yakivuta kama miguu kwenye matope. Kuku walipiga kelele. Mkia uliinuka. Tukaondoka ardhini, moyo wangu ukaondoka pia, kisha tukarudi chini kwa kishindo. Tukaruka tena, chini kuliko mara ya kwanza. Mbele niliona mahindi yakija haraka sana. Gurudumu likagonga kitu, ndege ikageuka ubavu, ikaingia mahindini, ikainamisha pua, bawa moja likakunjika kama karatasi.

Kisha kukawa na utulivu, na harufu ya petroli.

Khisa alitufikia kabla ya wote. Alikuwa amekimbia kiwanja kizima nyuma yetu tangu aone tunarudi chini. Alimtoa mke wake kwanza, halafu mimi, halafu Bwana Panzi ambaye mfupa wa bega ulikuwa umevunjika. Nasimiyu alikuwa hai. Alilalamika tumbo lile lile, wala hakuwa na jeraha jipya, nami nilishukuru Mungu kwa sauti pale pale katikati ya mahindi yaliyolala.

Hapa ndipo fahari yangu inapoanza, mwanangu. Hakuna aliyesimama kulia. Vijana walikata miti miwili, wakafunga mablanketi, ikawa machela. Wakamwinua Nasimiyu mabegani wakaondoka naye kwa miguu kuelekea mto Kuywa, wakipokezana bila kusimama, na wengine wakitangulia kufyeka njia ya mkato. Nilimfunga Bwana Panzi mkono kwa leso ya Kukhu, naye akatembea pamoja nasi na leso yake ya maua, uso mweupe kwa maumivu, akikataa kubebwa. Mtoni tulivuka juu ya vyuma vilivyobaki vya daraja. Maji yalikuwa yanafoka chini yetu, na vijana wale, wengine wasiojua kuogelea, walishikana mikono wakafanya ukuta ili machela isiyumbe. Mfanyabiashara mmoja alikuwa na lori upande wa pili. Jioni hiyo Nasimiyu alipasuliwa Kitale. Daktari alisema tungechelewa kidogo tu tungemzika.

Nilibaki Kitale kumwangalia mpaka apate nguvu. Bwana Panzi alikuwa anatibiwa katika wadi ya Wazungu, lakini kila asubuhi alikuja kwenye yetu, akavuta benchi, akamsalimu Nasimiyu, akaketi. Alikuwa mtu wa kuwaza. Jambo moja lilimsumbua, akanieleza kwa Kiswahili chake cha shambani, na mimi nitakueleza kwa changu.

Umewahi kuwaona korongo wa bondeni wakiruka? Korongo hawezi kupaa akiwa amesimama. Hukimbia kwanza, mabawa yamefunguka, mpaka hewa inayopita juu na chini ya mabawa iwe na nguvu ya kumbeba. Ndege ya chuma na kitambaa ni vivyo hivyo. Inahitaji kukimbia, na kiwanja kiwe kirefu cha kuitosha. Sasa nchi yetu iko juu, na hewa ya juu ni nyepesi. Joto la adhuhuri huifanya nyepesi zaidi. Hewa nyepesi hubeba kidogo. Nyasi ndefu zilizolowa huvuta magurudumu. Upepo ukitoka nyuma unakusukuma, lakini mabawa yanautaka utoke mbele, ili hewa iyapige usoni. Halafu kuna uzito.

"Mimi najua joto," alisema. "Najua nyasi. Najua upepo, hiyo kosa yangu. Lakini hiyo yote pamoja, bado ndege iruke. Watu tatu, ndizi moja. Iruke! Kwa nini hapana ruka?"

Nilitazama sakafu. Nilijua kwa nini. Lakini kwetu, jambo linalomhusu mzee unampelekea mzee mwenyewe kwanza, hulipeleki kwa mgeni. Nikajiambia, nitarudi nimwambie Kukhu.

Niliporudi nilikuta mambo yamekwenda mbele yangu. Wakuu walikuwa wameshatuma askari kuangalia ndege, na ilitangazwa kwamba mkaguzi anakuja kutoka Nairobi. Nikaenda mahindini kuona. Ndege ilikuwa pale, pua chini, na ndani yake hapakuwa na kitu. Tupu kabisa, imefagiwa!

Hakuna aliyekusudia kuficha, naomba unielewe. Siku ile ile ya ajali, kila mtu alikuja kuchukua chake. Chungu ni cha fulani, kitakaa mahindini cha nini? Kuku walikuwa hai, wakarudishwa kwao. Kuni zikarudi kwa Mzee Wanjala. Jiwe likarudi kwenye sehemu yake jikoni kwa Kukhu. Walisafisha kwa heshima, kama unavyosafisha nyumba ya mtu aliyepata msiba. Lakini jicho la mtu aliyekuja baadaye liliona vitu viwili tu: nyasi ndefu, na kichuguu cha fuko chenye alama ya gurudumu. Na nyasi na vichuguu vilikuwa kazi ya Khisa.

Chifu alikuwa ameshamwambia ajiandae. Atafukuzwa kazi, na pengine atafungwa, kwa kuhatarisha maisha ya mzungu. Nilimkuta amekaa nje ya nyumba yake, fyekeo limelala miguuni.

"Si uwaambie kuhusu mizigo?" nikasema.

"Niwaambie mama yangu ndiye aliyeangusha ndege?" Hakuinua macho. "Kichuguu kilikuwepo, Rispa. Kilikuwa changu. Wacha."

Basi nikaenda kwa Kukhu. Alikuwa anasaga, juu ya jiwe lile lile. Niliketi kwenye kigoda nikaanza kumweleza kama nilivyoelezwa: korongo, hewa, joto, nyasi, upepo. Hakunikatiza. Nilipofika kwenye uzito, mikono yake ikasimama juu ya wimbi.

"Kwa hiyo alipokataa," alisema polepole, "alikuwa anakataa kweli?"

"Alikuwa anakataa kweli, Kukhu."

"Mbona hakusema sababu?"

"Sidhani alijua kwamba anahitaji kuisema."

Mimi nilikuwa kijana, nikasema neno ambalo nilidhani ni la huruma. Nikasema, "Lakini Kukhu, hakuna anayejua. Labda watamsamehe Khisa, ni mara ya kwanza. Tukae kimya tu tuone."

Aligeuka akanitazama, na hilo ndilo kemeo nililolibeba maisha yangu yote.

"Rispa, wewe ni nesi. Mtoto akija anaharisha, wewe unatibu tumbo tu, huulizi alikunywa maji ya wapi? Tukikaa kimya, watamfunga Khisa, na wataandika kwamba ndege iliangushwa na fuko. Kesho mgonjwa mwingine ataitiwa ndege, na sisi tutapakia tena, tena kwa furaha! Atakayekufa siku hiyo tutakuwa tumemuua kwa kujua. Mara hii tulifanya kwa kutojua. Usinifanye nifanye kwa kujua."

Kisha akapangusa unga kwenye jiwe, akalifunga kwa leso, akaliweka kando ya mlango.

Mkaguzi alifika asubuhi, mzungu mwembamba mwenye miwani, pamoja na mkalimani. Kijiji chote kilikuwa kiwanjani. Bwana Panzi alikuwa amekuja kutoka Kitale, mkono umefungwa kifuani. Mkaguzi alipima nyasi, akapima kichuguu, akachungulia ndani ya ndege tupu. Akauliza kupitia mkalimani, "Ndege ilikuwa imebeba nini zaidi ya watu?"

Watu walikuwa wanaanza kuelewa. Kila mtu alikuwa anakumbuka chake. Khisa alikuwa amesimama pembeni mwa askari, akitazama nyasi zake.

Kukhu akatoka katikati ya wanawake na kifurushi chake kichwani, akakishusha mbele ya mkaguzi, akafungua leso.

"Ilikuwa imebeba hili," akasema. "Niliweka mimi. Huyu bwana alikataa, nikadhani ni adabu."

Mkalimani alisita, hakujua atafsiri vipi. Mkaguzi aliinama akajaribu kuliinua jiwe kwa mkono mmoja, likamshinda, akatumia miwili.

"Mama, rudi!" Khisa aliita.

"Nirudi wapi? Nyumbani sina pa kusagia, jiwe liko hapa." Akawageukia watu. "Wanjala! Kuni zako zimekauka? Zilete."

Mzee Wanjala alijikuna kidevu. Ungemwona, mwanangu! Alikuwa mzee wa kanisa, mwenye koti lake la Jumapili, na sote tulikuwa tunamwangalia. Akasema, "Nyingine nimeshazichoma."

"Leta zilizobaki."

"Nitaleta na za kufidia hizo," akasema, akaondoka kwa hatua ndefu, na vicheko vikampunguzia aibu njiani. Shemeji akaenda kuchukua unga. Mwenye chungu akaenda. Jirani akaenda akarudi na kuku mmoja tu, akasema mwingine alikuwa ameliwa na wageni, lakini walikuwa wanene sawa. Kutoka kwenye ghala la mahindi lililokuwa karibu, vijana walileta mizani ile ya kuning'iniza magunia, wakaifunga kwenye boriti. Na mmoja mmoja, mwanangu, bila kuburutwa na askari, watu wale walipita mbele wakataja kwa sauti: "Hiki nilikiweka mimi." Wakaning'iniza. Mizani ikashuka, ikashuka, ikashuka. Kila mmoja alikuwa ameweka kidogo. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ameweka kitu cha kuangusha ndege.

Mkaguzi aliandika. Bwana Panzi alikuwa amekaa juu ya kisiki, anatazama mizani kama mtu aliyerudishiwa kitu alichodhani amekipoteza. Alisimama. Nilidhani atakasirika, na alikuwa na haki. Akaenda kusimama karibu na mizani, mahali pale pale walipokuwa wamesimama wengine.

"Mimi weka upepo," akasema. Watu hawakuelewa. Akaeleza, na mkalimani akasaidia: kwamba angeweza kuondokea upande mwingine, uso ukitazama upepo, lakini huko kulikuwa na mikaratusi na umati wa watu, akaona ni usumbufu kuwaondoa. Kwamba angeweza kurudi kutazama tena nyuma ya kiti kabla ya kuondoka, naye hakurudi. Kwamba alisema hapana na hakusema kwa nini.

Baada yake mganga wetu akasema zahanati ilijua mtu mmoja hawezi kukishinda kiwanja kizima msimu wa mvua, na haikumpa Khisa msaidizi. Na mwisho Khisa mwenyewe akainua kichwa, akapita mbele. "Kichuguu nilikiweka mimi," akasema, ingawa sote tulijua ni fuko, na hapo hata mkaguzi alicheka.

Khisa hakufungwa wala hakufukuzwa. Mkaguzi alisema kupitia mkalimani kwamba amewahi kuchunguza ajali nyingi, na mara nyingi hutumia siku nzima kuwatafuta watu waliokimbia. Hapa, alisema, sababu zilimjia zenyewe kwa miguu, zimebeba kuku.

Waliporudi nyumbani watu walitembea wamenyoosha migongo. Nimewaona watu wetu wakitoka kwenye harusi na kwenye sherehe za mavuno, lakini sijawaona wakitembea vile. Tangu siku hiyo mizani ilibaki kando ya kiwanja. Ndege ilipokuja, na zilikuja nyingine nyingi baadaye, kila aliyetaka kuweka kitu alikipima na kukitaja mbele ya rubani. Rubani akisema hapana, alisema na sababu. Na Kukhu ndiye aliyesimamia mizani hiyo mpaka magoti yalipomkataza. Hakuna ndege nyingine iliyoshindwa kupaa kwetu.

Mwanangu, huu ndio ushauri wangu, na nakueleza waziwazi usije ukautafuta. Jambo likiharibika, jambo lolote, la kazini, la nyumbani, la kijiji, watu watatafuta haraka mtu mmoja wa kubebeshwa. Watampata, kwa sababu kila mara kuna mtu mnyonge aliyesimama karibu na kichuguu. Usiridhike. Sababu karibu kila mara ni nyingi, nazo ni ndogo, na nyingine zimewekwa na watu wazuri kwa nia nzuri kabisa. Usimwaibishe mtu aliyekosea kwa upendo, lakini pia usifiche alichokiweka. Na ukimkatalia mtu kitu, mweleze sababu. Ukikataliwa, uliza. Hii si aibu. Aibu ni kufagia ndege ikawa tupu na kumwacha mwenzako asimame peke yake na fyekeo lake.

Hayo ni mambo unayoyaweza. Nimekuona ukiwa mdogo ukisema kweli huku machozi yanakutoka, najua unayaweza. Mungu akupe macho ya kuona kilicho chako, na miguu ya kukileta mbele za watu. Akupe majirani kama wale niliokuwa nao mimi. Popote utakapokwenda, uende salama na urudi salama.

Sasa, siku nyingine jambo litakapoharibika na watu wakaanza kulaumiana, usianze kwa kuuliza nani. Simama mbele yao, taja ulichoweka wewe, kisha nyamaza uwangoje wengine.